Kalamu Mbili, Karatasi Moja: Mwongozo Kamili wa Kubuni Mkiwa Wawili

Tazama watu wawili wanaopanga kitu kipya kwenye meza ya mkahawa, mtaa wowote wa Nairobi. Mmoja ana laptopu, mwenzake ana kikombe cha chai. Robo saa haijaisha, mwenye laptopu ameshaamua mambo mengi na mwenye chai amebaki kusema "sawa, sawa". Mawazo anayo, hana pa kuyaweka. Alipokaa haoni skrini vizuri, na kuomba kibodi ya mtu ni kama kuomba mswaki wake.

Vitu vilivyo mezani ndivyo vinavyoamua wazo lipi litazaliwa na nani atasikika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvichagua na kuvitumia, hatua kwa hatua. Utawafaa walimu wawili wanaotengeneza zana za darasa, mchoraji na mwenye matatu, au mshonaji na mteja wake. Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mchuuzi wa smokie (soseji za kuvutwa moshi) na fundi wa kuchomelea wa Kamukunji, Nairobi, wanabuni toroli mpya. Kazi yote huchukua saa mbili na nusu hivi, mapumziko ya chai yakiwemo.

Kifaa kinavyogeuza wazo

Mchuuzi akisema "nataka mfuniko mkubwa", yeye anaona mfuniko wa kukinga mvua. Fundi anaona mfuniko wa kuziba bati la kupashia. Wanaweza kuitikiana dakika 20 huku kila mmoja ana toroli yake kichwani. Mstari mmoja tu kwenye karatasi, hata ukiwa mbovu, unawaumbua mapema, maana mwenzako ataweka kidole na kuuliza, "Hapa unafungukia upande gani?"

Kila kifaa kina tabia yake. Kalamu nene haikubali vitu vidogo, kwa hiyo mtalazimika kuongea juu ya umbo zima. Penseli iliyochongwa vizuri inawavuta kwenye skrubu na bawaba kabla hamjajua kama mnataka mlango. Rula huleta mistari iliyonyooka, na mstari ulionyooka humfanya mtu adhani uamuzi umeshapita. Kompyuta ni mbaya zaidi kwa hilo: mchoro wa dakika tatu unatoka ukiwa msafi kama wa kiwandani, na mwenzako anaona haya kuugusa. Kadibodi nayo ina fadhila yake. Unaweza kuisukuma, kuigeuza na kuihamisha bila kuchora upya.

Mwanzoni mwa 1953, huko Cambridge, James Watson na Francis Crick walikuwa wakiunda modeli ya DNA, molekuli inayobeba urithi wa viumbe, na vipande vya chuma walivyoagiza karakana vilikuwa havijawa tayari. Watson akakata kwa karatasi ngumu maumbo ya besi nne, yaani sehemu za DNA zinazoshikana mbili mbili. Jerry Donohue, mwanakemia aliyekuwa nao ofisi moja, alikuwa amewaambia kwamba maumbo yaliyochorwa kwenye vitabu vya wakati ule yalikuwa na kosa. Tarehe 28 Februari, akisukumasukuma vipande vilivyosahihishwa juu ya meza, Watson akaona kwamba adenini na thimini zikishikana zinatoa umbo lenye upana uleule wa guanini na sitosini. Crick alipofika alikuta vipande mezani, naye akaanza kuvigeuza mwenyewe kutafuta kasoro. Zingatia hapo: hakusimuliwa tu, alishika. Kabla yao, mwaka 1899 mjini Dayton, Marekani, Wilbur Wright alikuwa akipindapinda boksi tupu la tyubu ya baiskeli dukani kwao, akaona bawa la ndege linavyoweza kupindwa ili kuisawazisha hewani. Alipomweleza nduguye Orville, alimwonyesha kwa boksi.

Vifaa vya watu wawili, kikao kimoja

- Karatasi nyeupe za A4, 30. Chukua 10 kati yake, kunja kila moja nusu mara tatu, kisha kata kwenye mikunjo: unapata vipande 8 vya milimita 74 kwa 105, yaani vikaratasi 80.
- Manila 4 kubwa, karibu na saizi ya A1 (milimita 594 kwa 841).
- Kalamu nene za wino 4: bluu ya mmoja, nyekundu ya mwingine, nyeusi mbili za akiba.
- Penseli 2 za 2B. HB ni ngumu, mstari wake hafifu hauonekani na aliye upande wa pili wa meza.
- Utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, roli 1 ya upana wa inchi moja.
- Maboksi tupu 2 ya sabuni au mafuta ya kupikia, kisu cha kukatia, rula ya chuma ya sentimita 30, mkasi.
- Vijiti vya meno, vizibo 8 vya chupa za maji, kipande cha kamba.
- Chaki 4, tepu ya kupimia, simu moja ya kuhesabu dakika na kupiga picha.

Hamna raba kwenye orodha, na haikusahauliwa. Sababu inakuja.

Vikaratasi vya kunata vya dukani vinafaa pia, ila vina kisa chao. Ukivibandua kwa kuvuta kutoka chini kwenda juu, vinajikunja na kuanguka baada ya dakika chache. Bandua kwa kuvuta kutoka pembeni. Vumbi la Nairobi nalo halivipendi: pangusa ukuta kwa kitambaa chenye unyevu, acha ukauke, ndipo ubandike. Vikaratasi vya A4 vilivyokatwa vinashikwa na kipande kidogo cha utepe, na gharama yake ni ndogo sana. Ukipita kwenye maduka ya uchapishaji ya River Road na mitaa ya jirani, uliza masalio ya mashine ya kukatia. Mara nyingi ni karatasi nzito nzuri ambayo ingetupwa. Nyuma ya kalenda za zamani kunafaa pia, lakini jaribu wino kwanza. Karatasi inayong'aa hainyonyi, na wino unahamia kiganjani.

Rangi mbili tofauti za kalamu zina kazi. Baada ya saa moja mtaweza kutazama karatasi na kuona bila kubishana nani amechora kiasi gani.

Meza, ukuta na mwanga

Msikae mkitazamana. Mkitazamana, mmoja anauona mchoro wima na mwingine anauona kichwa chini, na anayeuona wima ndiye huwa mwenyewe. Kaeni kwenye pembe ya meza, mmoja upande mrefu na mwingine upande mfupi. Mkilazimika kukaa bega kwa bega na mmoja wenu ni wa mkono wa kushoto, huyo akae kushoto, la sivyo viwiko vitapigana jioni nzima.

Ukuta ni bora kuliko meza wakati wa kupanga na kulinganisha, kwa sababu mtu aliyesimama anarudi nyuma hatua mbili na kuona vyote. Nyumba nyingi za kupanga zimepakwa rangi ya maji, na utepe wenye gundi kali unaondoka na rangi pamoja na dipoziti yako. Tumia utepe wa karatasi, au bandika kwenye mlango, kioo cha dirisha au kabati.

Anzeni saa nane mchana. Nairobi iko karibu na ikweta, jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza halibishi hodi. Stima ikipotea mkiwa katikati ya kazi ya kisu, mnaahirisha. Veranda ina mwanga mzuri lakini ina upepo. Vikaratasi 80 vikipeperuka, mpangilio wa nusu saa umekwenda.

Hatua ya 1: Swali na vipimo (dakika 10)

Andikeni swali kwa kalamu nyeusi juu ya manila ya kwanza, kwa maneno yasiyozidi 12. Litaje mtu na tatizo, lisitaje jibu. "Toroli yenye droo mbili" si swali, ni agizo. "Mchuuzi atawahudumiaje wateja wawili kwa wakati mmoja bila kugeuka nyuma?" ni swali.

Chini yake andikeni vipimo vya kitu kilichopo sasa, vilivyopimwa kwa tepu wala si kwa kukisia. Toroli ya mfano wetu ina urefu wa sentimita 90, upana wa 50 na kimo cha 85. Namba hizi tatu zitaokoa ubishi mwingi katika hatua ya boksi.

Simu zikae kifudifudi. Msifungue picha za toroli za watu wengine kwa sasa. Mwaka 1991 David Jansson na Steven Smith walichapisha majaribio yao juu ya wahandisi walioonyeshwa mfano kabla ya kubuni: walinakili vipengele vyake, hata vile vyenye kasoro. Jicho likishaona jibu, mkono unalirudia. Picha mtazitazama baadaye, mkishakuwa na zenu.

Hatua ya 2: Kila mtu peke yake, kimya (dakika 8)

Kila mmoja achukue vikaratasi 8 na kalamu yake nene. Dakika moja kwa kila kikaratasi. Wazo moja, mchoro mmoja, maneno yasiyozidi matatu.

Kimya hiki kinawashangaza watu waliokuja "kujadiliana". Lakini tangu utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa 1958 imejulikana kwamba watu wanne wanaotoa mawazo kwa sauti pamoja huleta machache kuliko watu wanne wanaofanya kila mtu peke yake kisha mawazo yakajumlishwa. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kubwa: mtu anayengoja zamu ya kusema hawezi kuendelea kufikiri. Wawili hawaumizwi sana kama kundi, ila wakati mwenzako anaongea bado uko kwenye treni yake.

Anayesema "mimi sijui kuchora" apewe alama tano: mstari, duara, mraba, pembetatu, mshale. Mtu ni duara juu ya kijiti. Moto ni pembetatu tatu. Mkono ni mstari wenye mshale. Toroli yoyote inachoreka kwa hizo.

Vikaratasi vitatu au vinne vya kwanza huwa ni vitu ambavyo tayari viko barabarani. Msishtuke. Cha tano na cha sita ndipo kichwa kinauma, na hapo ndipo penye faida, kwa hiyo usikubali mwenzako aishie kwenye vinne eti "hayo mengine yanafanana". Achore hata upuuzi.

Hatua ya 3: Kubadilishana bila kueleza (dakika 12)

Mpe mwenzako vikaratasi vyako vyote 8, upokee vyake. Kila mmoja achague vitatu vya mwenzake. Kwa kila kimoja chukua A4 mpya, kichore upya kwa ukubwa, kisha ongeza badiliko moja kwa rangi yako. Dakika nne kwa kila kimoja. Usiulize "hii ni nini?" na usijibu ukiulizwa.

Asili ya hatua hii ni mbinu iitwayo 6-3-5 ya Mjerumani Bernd Rohrbach, ya 1968 na 1969, ambapo watu sita huandika mawazo matatu kila baada ya dakika tano na kupitisha karatasi. Kwa wawili tumeipunguza, na tumeweka michoro mahali pa maneno, kwa sababu mchoro una nafasi ya kusomwa vibaya. Tuseme mchuuzi amechora mwavuli juu ya toroli. Fundi, ambaye mchana kutwa anafikiria bomba, anaona ule mti wa mwavuli kuwa bomba la moshi. Anaukuza, anachora tundu juu, anaongeza mishale ya moshi ikienda juu. Hakuna aliyewaza nguzo inayoshika kivuli na kutoa moshi kwa pamoja. Imetoka kwenye kutoelewana. Mchuuzi angeeleza mchoro wake kwa maneno, nafasi hiyo ingefungwa.

Kinachoharibu hatua hii ni heshima. Kijana akipewa mchoro wa mzee, au fundi akipewa mchoro wa mwenye pesa, ataunakili vizuri na kuongeza kimstari cha adabu. Dawa ni kuchora upya kwenye karatasi mpya: unagusa nakala yako, kazi ya mwenzako imebaki nzima pale pembeni.

Hatua ya 4: Kupanga (dakika 10)

Bandikeni vyote ukutani. Sogezeni vinavyofanana karibu, bila kuyapa mafungu majina mpaka yatulie, kisha kila mmoja aweke nukta tatu kwenye anavyotaka viendelee. Rusheni shilingi kuamua nani aanze kuweka nukta. Akianza mwenye pesa kila mara, nukta za fundi zitamfuata kama kivuli. Bakizeni michoro mitatu, isiwe mmoja.

Kwa nini mitatu? Mwaka 2011 Steven Dow na wenzake walichapisha jaribio la watu waliobuni matangazo wakiwa wawili wawili. Walioonyeshana michoro kadhaa kwa pamoja walifanya kazi bora kuliko walioonyeshana mmoja tu, hata kuliko walioandaa kadhaa wakaonyesha ule waliouona bora. Pia walielewana zaidi. Haishangazi. Mchoro mmoja ukikosolewa ni kama wewe umekosolewa. Ikiwa mitatu, mnalinganisha karatasi.

Hatua ya 5: Kuchora pamoja, kalamu zote wazi (dakika 25)

Tandazeni manila mpya mezani, ibandikeni pembe nne kwa utepe isitelezeteleze. Vifuniko vya kalamu vyote viwili vitoke na viwekwe mbali. Kalamu iliyofunikwa mkononi ni mtu anayetazama.

Sheria ni tatu. Unaweza kuongeza kwenye mstari wa mwenzako, huwezi kuukata. Usipokubali, chora mbadala pembeni, ukubwa uleule. Kila baada ya dakika tano, geuzeni karatasi ili aliyekuwa anauona mchoro ubavuni auone wima.

Kazi ikienda vizuri inasikika hivi. Mchuuzi, kalamu ya bluu, anachora sahani ya kachumbari nyuma ya bati la moto.

"Fundi, hapa mkono wangu unapita wapi?"

Fundi hajibu kwa mdomo. Anavuta mstari mwekundu kutoka ubavuni, anachora kisanduku kidogo kinachoning'inia nje. "Bosi, mayai yakikaa huku, huhitaji kupitisha mkono juu ya moto. Kachumbari iingie pale mayai yalipokuwa."

"Na hiki kisanduku, nikitakiwa kuhama haraka?"

Anaweka bawaba: miduara miwili midogo. Kinakunjwa.

Hapo mambo matatu yameamuliwa kwa kauli tatu, na kila neno lisiloeleweka, kama "huku", "pale" na "hiki", lilikuwa na kidole juu yake. Ukitaka kujua kama karatasi inafanya kazi yake, sikiliza maneno hayo. Mkianza kusema "ile sehemu ya nyuma niliyosema mwanzo", mmeiacha karatasi na kurudi kwenye hewa.

Sasa raba. Raba hufuta ushahidi. Mchoro uliofutwa unabaki kama uamuzi mmoja safi, na mkikwama hamwoni njia mlizopita. Mistari iliyorundikana juu ya mingine inaonekana fujo, lakini jicho hupata humo maumbo ambayo hakuna aliyekusudia. Karatasi ikijaa mno, weka nyembamba juu yake, pitisha ile mistari mnayoipenda tu, na uache ya chini ilivyo.

Ubao mweupe una tatizo hilohilo la kufuta, nao unamsimamisha mmoja na kumkalisha mwingine, kisha aliyesimama anakuwa mwalimu. Mkiutumia, simameni wote. Mtu akiandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwa bahati mbaya, pitisha kalamu ya ubao mweupe juu ya mstari uleule na ufute mara moja, unatoka.

Kunyweni chai hapa, dakika 10. Msile juu ya manila.

Hatua ya 6: Modeli ya boksi (dakika 40)

Hapa ndipo watu wengi huokoa dakika na kupoteza chuma. Chagueni uwiano. Kwa 1:10, toroli yetu inakuwa sentimita 9 kwa 5 kwa 8.5, inakaa kiganjani na inatosha kuamua umbo. Kwa 1:5 ni sentimita 18 kwa 10 kwa 17, na hapo vidole viwili vinaingia ndani kujaribu droo. Tengenezeni ndogo mbili za 1:10 kwanza, kila mmoja yake, dakika 10. Kisha moja ya 1:5 pamoja.

Tazameni mifereji ya ndani ya kadibodi. Inakunjika kirahisi sambamba na mifereji, na ni ngumu ukiikunja kinyume chake. Kwa hiyo ukuta unaobeba uzito uwe na mifereji iliyosimama wima, na mkunjo wa mfuniko ufuate mfereji. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokauka kwenye rula ili kuacha alama. Usikate kwa kisu nusu unene, itachanika mkiifungua mara ya tatu. Kata kwa kupitisha kisu mara tatu kwa nguvu ndogo. Kwa nguvu nyingi mara moja, kisu kinaruka kwenye rula, na kidole kiko hapo hapo.

Unene ni mtego. Kadibodi ya milimita 3 kwenye uwiano wa 1:10 ni sawa na ukuta wa sentimita 3 kwenye toroli halisi, wakati bati la geji 18 ni milimita 1.2 hivi. Nafasi ya ndani inapungua na mnaanza kutupa mawazo mazuri eti "haitoshei". Sehemu za bati zitengenezeni kwa manila, kadibodi ibaki kwa fremu.

Unganisheni kwa utepe na vijiti vya meno, si gundi. Gundi nyeupe ya mbao inahitaji nusu saa kushika, na kitu kilichogandishwa hakuna mwenye moyo wa kukibomoa. Kizibo cha chupa ya maji kina upana wa karibu sentimita 3. Kwa 1:10 ni gurudumu la sentimita 30. Kijiti cha meno ni ekseli.

Vitu vya kuchezea vimwageni mezani vikiwa nje ya vifungashio. Mwanasaikolojia Karl Duncker aliwapa watu mshumaa, pini na viboksi, wautengenezee mshumaa mahali pa kukaa ukutani. Viboksi vilipokuwa vimejaa vitu, wengi hawakuona kwamba kiboksi chenyewe kinaweza kuwa rafu. Vilipokuwa tupu, waliona kwa urahisi zaidi. Chombo kilichobeba kitu hakionekani kuwa kitu.

Msiipake rangi modeli. Rangi inaita sifa, nanyi mnatafuta kasoro.

Mmoja aishike, mwingine aiendeshe: fungua mfuniko, vuta droo, inamisha kama inapanda ukingo wa barabara. Kisha mbadilishane. Kila kinachogoma kiwekewe kipande cha utepe chenye namba.

Hatua ya 7: Chaki sakafuni, kipimo kamili (dakika 20)

Choreni toroli kwa ukubwa wake halisi juu ya saruji, ikitazamwa kutoka juu. Kimo kiinueni kwa kreti za soda na ubao. Mmoja awe mchuuzi, mwingine awe wateja wawili mfululizo, mmoja mwenye haraka ya matatu. Smokie moja, yai moja, kachumbari, pilipili, pesa, chenji.

Modeli ndogo haina kiwiko. Hapa ndipo mtagundua kwamba mkono wa pesa na mkono wa chakula unapishana, au kwamba mfuniko ukifunguka unampiga mteja kidevuni. Sehemu ya kukatia iwe sentimita 10 hivi chini ya kiwiko cha mchuuzi akiwa amesimama wima. Pima kiwiko chake, si cha fundi. Rekebisheni kwa chaki ya rangi nyingine na mrudie mara tatu.

Hatua ya 8: Kumbukumbu (dakika 10)

Piga picha kila manila kutoka juu kabisa, rula ikiwa ndani ya picha. Modeli ipigwe pande nne na juu. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili. Ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa, na vipimo vya penseli havisomeki. Kwenye manila moja andikeni tarehe, yaliyoamuliwa, na yaliyobaki wazi, kila moja kwa rangi ya atakayelishughulikia.

Mmoja akiwa Rongai na mwingine mjini

Inawezekana, mradi wote wawili wawe na karatasi na kalamu zilezile. Simu ilale juu ya rundo la vitabu, kamera ikichungulia nje ya ukingo na kutazama meza, si uso. Uso unaleta mazungumzo, mikono inaleta mchoro. Hatua ya 3 fanyeni kwa kupigana picha na kutumiana, kisha kila mmoja auchore upya kwa mkono mchoro wa mwenzake. Modeli kila mmoja atengeneze yake kwa vipimo vilevile. Zikitofautiana, tofauti hiyo ndiyo ajenda. Chajini simu mapema na muwe na bando za kutosha, maana video ya saa mbili inakula.

Mkikwama

Mkikubaliana kila kitu ndani ya dakika tano, kifaa ni kisafi mno au kuna mmoja anayeogopa. Ondoeni rula na laptopu, rudini kwenye kalamu nene. Rangi moja ikitawala manila, mwenye rangi hiyo aweke mikono chini dakika tano, aruhusiwe kuuliza tu. Mkibishana bila mwisho juu ya neno, acheni neno, kila mmoja achore analomaanisha kwa sekunde 60. Mkirudia wazo moja mara tatu, badilisheni nyenzo: kutoka karatasi kwenda boksi, kutoka boksi kwenda kamba na vijiti. Mikono ikipata ugumu mpya, wazo linahama.

Mwisho wa kikao rudisheni vifuniko mpaka vilie "tak", na kalamu zilazwe chali. Zikisimama kichwa juu wiki nzima, wino unashuka mkiani, na kikao kijacho kitaanza na kalamu moja inayoandika na mtu mmoja wa kuishika.